Njia ya Familia Kutoka Bombambili Kuelekea Matogoro

Tanzania ndiyo yenye mlima mrefu kuliko yote Afrika, na kila mwaka maelfu ya wageni huja kuupanda kwa siku tano hadi nane, wakiwa na wapagazi, wapishi na waongozaji, mpaka wafike mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Kilicho adimu nchini ni kitu kidogo zaidi: njia ya miguu ya kilomita tano au sita, isiyo na mwinuko wa kukata pumzi, ambayo baba, mama, bibi na mtoto wa darasa la kwanza wanaweza kuitembea Jumamosi asubuhi na kurudi nyumbani kula mchana. Tumezoea kuona kwamba kutembea porini ni shughuli ya mgeni mwenye buti na dola, au ya mwananchi aliyebanwa na shida. Hoja yangu ni kwamba mji wa Songea unastahili njia ya aina hiyo, ianzie Bombambili na kuelekea milima ya Matogoro, na kwamba wepesi wake, yaani kule kutokuwa na ushujaa wowote ndani yake, ndiko kutakakoifanya iwe na manufaa kuliko hoteli yoyote ya mlimani.

Bombambili ni kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Kama ilivyo katika kata nyingi za miji yetu, mji na shamba havijaachana: mbele ya nyumba kuna duka na bodaboda, nyuma kuna mahindi, maharage, migomba na mwembe. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa yake ni ya kutembea. Mwezi Juni na Julai watu huvaa masweta, na hata jua la Oktoba halimwandami mtu kama lile la Pwani. Matogoro imesimama ukingoni mwa mji huo, si safari ya siku nzima. Ni misitu ya hifadhi yenye vyanzo vya maji, na humo ndimo unamoanzia Mto Ruvuma, ule unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji kabla ya kumwaga maji Bahari ya Hindi, safari ya kilomita 800 hivi. Miji michache Tanzania imepewa mashamba, msitu na chanzo cha mto mkubwa kama huo karibu na milango ya watu. Hata hivyo wapo watoto wengi wanaomaliza shule Songea wakiwa wamechora ramani ya Ruvuma daftarini bila kuwahi kupelekwa kuona maji yake yanatokea wapi.

Wazo la njia ya familia inayopita mashambani kisha msituni si geni duniani. Kando ya Ziwa Geneva, nchini Uswisi, kuna miteremko ya Lavaux, matuta ya mizabibu yenye kuta za mawe ambayo watawa wa Kibenedikto na Kisisterisi walianza kuyajenga tangu karne ya 11 na ya 12. UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Wanaoyatembelea wengi ni familia za kawaida, zinazofuata vibao vya njano kutoka kijiji hadi kijiji, kisha kupanda treni kurudi kwao. Wabenedikto si wageni kwetu Ruvuma, maana walifika Peramiho mwaka 1898, ingawa Peramiho inajulikana zaidi kwa hospitali, karakana na kiwanda cha uchapaji kuliko kwa zabibu. Mizabibu ya Tanzania iko Dodoma, ambako jua kali na umwagiliaji huwawezesha wakulima wa Hombolo na Makutupora kuvuna mara mbili kwa mwaka. Songea haina haja ya kuazima mizabibu. Kinachoifanya njia ya Lavaux ipendeke ni kwamba mtu hutembea akiona kazi ya mikono ya wenyeji upande mmoja na mandhari ya asili upande wa pili, na kazi ya mikono kusini mwa Tanzania ipo ya kutosha.

Mfano mkubwa uko Mbinga, wilaya jirani, kwa Wamatengo. Wakulima hawa wanaishi kwenye miteremko mikali ambayo mvua ya msimu mmoja ingeweza kusomba udongo wake wote hadi mabondeni. Dawa yao ni ngoro. Mvua zinapokaribia kuisha, hasa mwezi Machi, nyasi hufyekwa na kupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, ikatokea miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi zile. Kinachobaki ni shimo lililozungukwa na matuta manne, na ndani ya matuta nyasi zinaoza kuwa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu wa mvua unaofuata ni zamu ya mahindi. Mvua inaponyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Hutuama shimoni, yakaacha udongo yaliyokuja nao, yakazama taratibu. Kutoka ng'ambo ya bonde mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Japani, waliisoma mbinu hii kwa makini tangu miaka ya 1990, kwa kuwa ni miongoni mwa njia chache za kilimo cha milimani ambazo zimelisha watu kwa vizazi bila kuumaliza mlima.

Nimeikawilia ngoro kwa sababu mbili. Kwanza, nusu ya raha ya njia ya familia ni maelezo, na mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuona shamba la namna hiyo atajifunza mengi zaidi katika dakika kumi za kusimama kando ya shimo moja kuliko katika ukurasa mzima wa kitabu cha jiografia. Kipande kidogo cha ngoro cha mfano kando ya njia ya Bombambili kisingemgharimu mtu zaidi ya jembe na siku chache. Pili, ngoro inatufundisha jinsi njia yenyewe inavyopaswa kujengwa. Tatizo la njia ya mlimani ni maji, na hilo nitalirudia huko mbele.

Baada ya mashamba ni msitu, na hapa wengi hudhani miombo ni pori tupu lisilo na cha kuonyesha. Wanakosea. Mwezi Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo huchipua majani mapya ya rangi nyekundu, ya waridi na ya shaba, milima ikawaka rangi ambazo mgeni angedhani ni maua. Mti hutumia akiba ya maji na chakula uliyoiweka mwaka uliopita kutoa majani mapema, ili mvua ikifika uwe tayari kufanya kazi. Mninga, unaoheshimiwa na kila fundi seremala, una tunda la ajabu: bapa la duara linalotosha kiganja, lenye bawa jembamba pembeni na miiba mingi katikati. Mtoto akiokota moja hatalitupa. Ukikatwa gome, mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mvua za kwanza zikishuka kuna masuku ya kuokota, na baada yake uyoga. Uyoga huo una siri ambayo wauzaji wa sokoni wanaijua kwa uzoefu: aina nyingi huota penye miyombo tu, kwa sababu nyuzi zake chini ya ardhi zimeungana na mizizi ya miti hiyo. Uyoga huupa mti madini na maji, mti huupa uyoga sukari. Kata miyombo, panda mikaratusi, na mama aliyekuwa akijaza kikapu mwezi Januari atarudi nacho kitupu.

Na ndipo ilipo nguvu ya hoja ya njia hii. Misitu ya Matogoro haikuhifadhiwa kwa ajili ya uyoga wala rangi za Oktoba, imehifadhiwa kwa ajili ya maji. Udongo wa msituni umefunikwa na majani yaliyooza, umejaa mizizi na mashimo ya wadudu, hivyo mvua inazama ndani yake na kutoka polepole kwenye chemchemi miezi ya kiangazi. Ukiondoa miti, mvua ileile hupiga ardhi ngumu, ikakimbia juu juu na kubeba tope, mito ikafurika Februari na kukauka Septemba. Mamlaka ya maji ya Songea, SOUWASA, inategemea vyanzo vya eneo hilo, na tope likiongezeka mtoni, gharama ya kusafisha maji hupanda, na mwenye bomba ndiye hulipa. Miaka mingi tumejaribu kulinda vyanzo kwa makatazo: vibao, doria, faini, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Makatazo yanahitajika, sibishani nayo. Ila katazo linamfikia yule tu anayekusudia kukosea, halimjengei mwenye nia njema uhusiano wowote na msitu. Raia anayeambiwa kila siku kwamba msitu ni mali ya Serikali asiouingia hatakuwa wa kwanza kupiga simu akiona moshi. Aliyewahi kuketi na wanawe kwenye chemchemi fulani atapiga simu akiona moshi juu ya chemchemi hiyo, kwa sababu anajua mahali ilipo.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa watu wazima wa Bombambili wenyewe, na lina uzito. Watasema: sisi tunatembea kila siku, tunakwenda shamba kwa miguu, tunakwenda kuni kwa miguu, sasa mnatuletea kutembea kama starehe? Kweli, kwa watu wengi kutembea ni alama ya kukosa nauli. Lakini pingamizi hili linachanganya mwendo na mzigo. Mama anayeshuka mlimani na kuni kichwani anatembea, ila hana nafasi ya kuinua macho, na hawezi kusimama kumwonyesha mtoto bapa la mninga. Pia hali imebadilika. Kizazi cha watoto wanaopelekwa shule kwa bodaboda, wanaokaa darasani hadi saa kumi na kumalizia siku mbele ya televisheni au simu, kimeshaingia Songea kama kilivyoingia Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto ajishughulishe kwa mwili angalau dakika 60 kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Shinikizo la damu na kisukari si magonjwa ya Ulaya tena. Gym ya mjini ina ada ya mwezi, njia ya miguu haina. Wala si lazima kumwita mkulima aje kustarehe: njia hii ni ya mwanafunzi, ya mtumishi wa ofisini, ya mwenye duka, ya muuguzi wa zamu ya usiku, na ya bibi ambaye daktari amemwambia atembee lakini barabara ya lami ina malori.

Pingamizi la pili ni usalama, na wengi hulitumia kufunga mjadala. Msituni kuna vibaka, wanasema, kuna nyoka na nyuki. Hapa tuiangalie Nairobi. Msitu wa Karura una hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji, na miaka ya 1990 ulikuwa na sifa mbili tu, wizi wa ardhi na maiti za watu waliouawa. Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kundi la wahuni walipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji wa msitu huo kwa matajiri. Miaka kumi baadaye chama cha marafiki wa Karura kilipoungana na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, kilianza na mambo ya kawaida kabisa: uzio, malango, kiingilio kidogo, na walinzi walioajiriwa miongoni mwa vijana wa Huruma, mtaa wa watu maskini uliopakana na msitu. Kisha wakafungua vijia na kuviwekea alama. Leo Karura ni mahali ambapo familia za Nairobi husukuma watoto kwenye vigari siku ya Jumapili. Uzio ulisaidia, na walinzi pia, lakini kilichofukuza uhalifu zaidi ya vyote ni watu wengi kupita mchana. Kibaka anapenda njia isiyo na mtu. Kuhusu nyoka, njia iliyofagiliwa kwa upana wa mita moja na nusu, ambayo mguu wako unauona unapokanyaga, haina hatari kubwa kuliko bustani ya mahindi nyuma ya nyumba. Viatu vya kufunika vidole na mwendo wa makundi vinatosha. Nyuki nao waachwe na mizinga yao. Njia ipite mbali nayo, na kibao kieleze kwamba asali ya miombo ni riziki ya watu.

Kuna pingamizi la tatu, la wahifadhi, ambalo mimi naliona zito kuliko yote: miguu mingi itaharibu msitu wenyewe. Watasema mtu mmoja akiingia anakanyaga, elfu moja wakiingia wanachimba korongo, na mmoja wao atatupa kiberiti. Jibu la kwanza ni kwamba msitu tayari una vijia. Wakusanya kuni, warina asali, wawindaji wa panya na wakata mbao wa usiku wamevitengeneza vya kwao, na vijia hivyo hupanda mlima moja kwa moja kwa sababu mwenye haraka hapendi kuzunguka. Udongo mwekundu wa kusini ukikanyagwa wima namna hiyo, mvua za msimu mmoja huufanya mfereji, na za misimu mitatu huufanya korongo. Njia iliyopangwa hufanya kinyume: inazunguka mlima kwa kufuata usawa, kupanda kwake hakuzidi mita nane au kumi kwa kila mita mia, na kila baada ya hatua ishirini au thelathini hulazwa gogo au mstari wa mawe kwa mshazari ili maji yatoke pembeni na kuzama majanini kabla hayajapata nguvu. Ni wazo lilelile la ngoro: usiyape maji njia ndefu ya kukimbia. Fundi wa kazi hii si lazima atoke Ulaya. Wazee wa Kimatengo wanaweza kumfundisha injinia wa Manispaa. Vijito vivukwe kwa daraja dogo la mbao au mawe ya kukanyagia, mahali pamoja tu, na njia isiambae ukingoni.

Moto ni suala la pekee. Mioto ya Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa kavu kabisa, ndiyo inayoua miche ya miyombo, na mingi huwashwa na watu wanaosafisha mashamba au wanaofukuza panya mashimoni. Wataalamu wa misitu huchoma mapema, Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto uwe mdogo na kiangazi kisikute kuni nyingi za kuunguza. Njia ya miguu iliyofyekwa pande zote mbili ni barabara ya kuzuia moto, ndogo lakini ipo, na huwapa wazimaji mahali pa kusimama na pa kufikia haraka. Inapotembewa kila wiki, moshi unaonekana siku ya kwanza badala ya siku ya tatu. Kwa hiyo uvutaji sigara upigwe marufuku na choma ya nyama ibaki mjini. Kwa masharti hayo hatari ya moto inapungua, haiongezeki.

Kuhusu wenye mashamba nitasema kwa ufupi, kwa sababu jambo lenyewe ni la makubaliano kuliko nadharia. Mkulima anaogopa mahindi mabichi kuchumwa na watoto kukanyaga maharage, na ana haki. Njia ipite mipakani mwa mashamba, si katikati. Pawe na mahali pawili au patatu panaporuhusiwa kuuza chai, mahindi ya kuchoma, parachichi, karanga, na masuku yakiiva. Huko Lushoto, njia ya kwenda Irente hupita vijijini na mashambani kwa mwendo wa saa moja na zaidi hadi ukingo wa mlima unaoona nyika ya Mazinde chini, na kituo cha Irente kinauza mkate, jibini na jamu za wenyeji. Zanzibar nako, katika Hifadhi ya Jozani, kijia cha mbao juu ya mikoko ni kifupi kiasi kwamba mtoto wa chekechea hukimaliza, na sehemu ya mapato ya hifadhi hurudi kwa vijiji jirani. Songea haitapata wageni wa kigeni wengi kama Lushoto na Zanzibar, na ni heri tuseme hivyo mapema kuliko kuahidi mabilioni. Mteja wa njia hii atakuwa mkazi wa Songea mwenye shilingi elfu tatu mfukoni. Wateja wa namna hiyo wakija kila Jumamosi ya mwaka, muuza chai hatakuwa na sababu ya kusubiri msimu wa watalii.

Historia pia ina nafasi yake, ila isilemee. Songea ni mji uliopewa jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, na kila mwaka Februari 27 mashujaa hao hukumbukwa kwenye Makumbusho ya Majimaji. Mlima Chandamali, uliomo humohumo mjini, unasimuliwa kuwa na pango alimojificha Nduna Songea. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi. Vita ile ilikwisha kwa njaa, kwa sababu Wajerumani waliamua kuchoma mashamba na maghala, na watu wakakimbilia milimani na porini kula walichokipata. Kibao kimoja msituni kinachoeleza jambo hilo, pembeni mwa mti wa matunda pori, kitamfanya mwanafunzi aelewe vita kwa namna ambayo sanamu ya shujaa haiwezi. Ukiongeza vibao kumi na viwili, hata hivyo, njia itageuka darasa na watoto watakimbia. Kibao kimoja kinatosha.

Yapo pia masuala ya sheria, na hapa tusifanye papara. Huwezi kuingia msitu wa hifadhi na kuanza kufyeka njia kwa kuwa nia yako ni njema. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali. Lakini sheria hiyohiyo ilifungua mlango wa usimamizi shirikishi, yaani Serikali na jamii jirani kuandikiana makubaliano ya kutunza msitu pamoja na kugawana faida. Makubaliano ya njia kati ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, Manispaa na wakazi yanaingia humo bila kutunga sheria mpya. Kinachohitaji uangalifu ni kipande cha mashambani, kwa maana njia isiyo na kinga ya kisheria hufa siku mwenye kiwanja anapojenga ukuta. Uswisi walilijua hilo. Mwaka 1979 wapiga kura wao waliamua njia za miguu ziingizwe kwenye Katiba, na leo nchi hiyo, iliyo ndogo kuliko Mkoa wa Ruvuma, ina njia za miguu zenye alama zinazokaribia kilomita 65,000. Hatuhitaji Katiba kwa kilomita sita. Ramani ya mipango miji ya Manispaa ikiionyesha njia hiyo kama barabara ya umma, hati za viwanja zitaiheshimu. Lakini ichorwe sasa, mji haujajaa. Ukishajaa, fidia itakuwa kubwa kuliko ujenzi.

Gharama? Mapanga, majembe, magogo ya miti iliyoanguka, rangi ya alama, mabango machache na posho ya vijana wa kufanya kazi kwa miezi miwili ya kiangazi. Baadaye watu wawili au watatu wa kuifyeka kila mwaka baada ya mvua na kusafisha magogo na mawe yanayotoa maji pembeni. Ni fedha za kata, si za wizara. Kazi ngumu zaidi ni kutembea na fundi wa kupima usawa, mzee mmoja anayeujua msitu na mtoto wa miaka sita. Kila mahali mtoto anapoketi kwa kuchoka, hapo pawekwe benchi la gogo, na kila anapolia kwamba panateleza, hapo njia ihamishwe. Kipimo hicho kinashinda cha mhandisi mwenye miguu ya miaka thelathini.

Bajeti ya Serikali huanza Julai 1, na mapendekezo ya kata hukusanywa miezi kadhaa kabla. Mkazi wa Bombambili anayekubaliana na hoja hii ailete kwenye mkutano wa mtaa wake mwaka huu, aombe iingie kwenye kumbukumbu, na diwani aifikishe Kamati ya Maendeleo ya Kata pamoja na barua kwa ofisi ya misitu. Walimu wa jiografia wa Songea waandike barua yao pia, kwa kuwa wao ndio watakaoitumia njia hii zaidi.